Sauti Ambayo Kaka Yetu Hakuiwahi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Akitumwa dukani, lazima aulize kwa nini asitumwe mdogo wake, yaani mimi ninayewasomea haya.

Alimaliza sekondari mwaka 1982, baada ya kusimamishwa wiki mbili kwa kufungua kengele ya umeme ya shule. Aliirudisha ikilia vizuri kuliko mwanzo, lakini adhabu haikupunguzwa. Mwaka 1986 alihitimu chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali.

Alifanya kazi hospitalini, katika chumba kidogo chenye mazulia ukutani ya kuzuia kelele, akirekebisha vifaa vya kusikia. Miaka ya baadaye alitumia kompyuta. Mgonjwa alisikilizishwa maneno yale yale kwa mipangilio mbalimbali ya sauti, akachagua iliyomfaa. Kompyuta ilichanganya aliyochagua, ikazaa mingine iliyofanana nayo kama watoto na wazazi, naye akachagua tena, hadi aridhike. Mwanzoni maneno aliyasoma kaka mwenyewe. Wagonjwa wakarudi na malalamiko: "Fundi, wewe nakusikia vizuri, ila nyumbani siambulii kitu." Basi akaagiza kila mgonjwa aje na mtu ambaye yeye mgonjwa anataka kumsikia, huyo ndiye asome. Mzee mmoja akaja na mwenzake wa kucheza drafti. Kesho yake mkewe akaja amefura. Kaka akamwambia, "Mama, kazi yangu ni masikio. Mengine malizaneni nyumbani."

Mwaka 1991 alimwoa wifi yetu, mshona mapazia, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka 2016 wifi aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini masikio hayakupona. Kaka alimkalisha kwenye kile chumba cha mazulia akamsomea mwenyewe, jioni baada ya jioni, wifi akichagua, hadi siku aliposema, "Hapo hapo. Huyo ndiye wewe." Kaka alitoka nje akalia kama mtoto. Nilikuwepo.

Machi 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Ilikuwa saratani ya koo. Matibabu yalimchoma, na sauti ikageuka mnong'ono ambao kile kifaa cha wifi hakikuwahi kupangiwa. Wifi alinisikia mimi, alimsikia binti yake, alimsikia hata muuza maziwa mlangoni. Mumewe tu ndiye ambaye wifi hakumsikia. Kaka akaanza upya, akisoma kwa shida, wifi akichagua. Lakini kuchagua kunataka muda, na sauti haikumsubiri. Kila walipokaribia, ilikuwa imeshashuka tena. Nilimwambia, "Kaka, si umwandikie tu?" Ilibidi niinamie mdomo wake kupata jibu: "Kuandikiwa, hata wewe utamwandikia. Mimi anataka anisikie."

Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, mchana, wodini. Wifi alikuwa naye peke yake. Aliona midomo inasogea, akainama, na kifaa kilikuwa kimewashwa. Kaka alisema maneno kadhaa, kisha akanyamaza. Wifi hajui alisema nini. Amemuuliza nesi, amemuuliza binti yake, ameniuliza mimi, mara nyingi, na hakuna mwingine aliyekuwepo. Mnamwambia kwamba Mungu anajua. Sawa, lakini aliyeambiwa ni wifi.

Marehemu ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili na sisi wadogo zake watatu. Mtakapofika kumpa wifi pole, msihangaike kupaza sauti. Mshikeni mkono tu. Kifaa amekivua, na amesema hakivai tena.

Wewe kaka, pumzika kwa amani. Sisi uliotuacha hatunayo.