Wakili Faustina Kalinga na Shahidi Wake wa Jumamosi

Baba Paroko, ndugu, majirani na mawakili mliofika kutoka Mbeya na Iringa, familia imenipa mimi, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na shemeji Gideoni, mumewe, ameyapitia haya jana akaagiza wivu wake usifichwe, kwa kuwa hapa ni nani asiyeujua.

Wakili Faustina Silvester Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Mlandege, Iringa, mtoto wa tatu wa Mzee Silvester na Mama Rozalia, na baba alipopata kazi kiwanda cha karatasi Mgololo mwaka 1985 tulihamia huko, akamalizia huko darasa la saba mwaka 1988, akiwa tayari mbishi ambaye mama alimtuma dukani kila alipotaka kusali kwa utulivu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992 na cha sita mwaka 1995, vyote Iringa, akapata shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1999, akaapishwa kuwa wakili Desemba 2001, kisha akafungua ofisi Mbeya, akitetea wajane walionyang'anywa mashamba na vijana waliosahauliwa mahabusu.

Tarehe 8 Novemba 2003 alifunga ndoa na Gideoni Mwambungu, mfanyabiashara wa mchele wa Igawa, wakajaliwa Yusta mwaka 2005 na Obeid mwaka 2009. Shemeji ni mume mwema, ila ana wivu wa kutupwa, alimwonea wivu fundi simu, mwalimu wa kwaya, hata jaji aliyemsifu mkewe mahakamani, na msemo wake ulikuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Februari 2014 marehemu alianzisha mafunzo ya vitendo ya kuendesha kesi kwa mawakili wa haki za binadamu, maana aliona vijana wanaijua sheria vizuri ila wakisimama mbele ya hakimu wanasahau walichokuja kusema. Jumamosi ukumbi wa parokia uligeuka mahakama ya mazoezi, huyu hakimu, yule wakili, mwingine shahidi, na marehemu akiwakatisha na kuwasimamisha upya mpaka sauti zikae sawa. Jumamosi moja ya Mei 2016 shemeji alifunga duka Igawa, akapanda Mbeya bila taarifa, akafika mlangoni na kumkuta mkewe akimfunga kijana mmoja, Wakili Alinanuswe, vile vitambaa vyeupe vya shingoni vya uwakili. Hakuuliza kitu, alirudi nyumbani, akaita wazee wa pande mbili, akatangaza kwamba mke achague, mafunzo au ndoa. Dada hakubisha, jambo lililotutisha sote, alisema tu kwamba mafunzo yanakosa shahidi mkaidi, basi mume wake aje ajionee.

Alikuja, na furaha juu, maana kutoka kizimbani angewachunga wote vizuri. Alipewa nafasi ya mwenyekiti wa kijiji anayedai mjane aliligawa shamba lake kwa hiari, akawazungusha mawakili watatu mpaka mmoja akasahau swali lake mwenyewe. Ndipo akasimama Alinanuswe, shemeji akamkazia macho, na kijana akauliza kwa upole, "Shahidi, unaieleza mahakama ulichokiona, au ulichokidhania?" Ni swali la kawaida, mawakili wote hapa mmefundishwa hilo na marehemu, lakini shemeji alimtazama mkewe, na hakimu alipomkumbusha ajibu, alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni alichokidhania. Dada akaahirisha shauri, watu wakaenda kula.

Habari ya kuchagua haikutajwa tena, na tangu hapo mawakili mnamwita Shahidi. Wivu haukuisha, ila sasa aliwaonea mashahidi wengine, akiletwa mmoja ananuna, akidai hawajui kukaidi.

Septemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mbeya na Dar es Salaam, na shemeji alilala kwenye kiti pembeni yake, mawakili mlipojaa wodini akawatoa, kisha akawafuata ngazini kuwarudisha, kwa kuwa mgonjwa aliwaulizia. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, alfajiri, Mbeya. Jana mlipoomba kulibeba jeneza shemeji alikataa, akasema Jumamosi zote mlikuwa naye, hii ya leo ni yake, halafu akatoka nje, akarudi macho mekundu, akakubali mbebe, ila mbele ashike yeye, na upande wa pili Alinanuswe, apate kumwona vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, wanakwaya, na mawakili wote.

Mwisho, shemeji ameomba niwasomee maneno yake, akisema ni aliyoyaona kwa macho yake, hakudhania: kwamba mke wake alimpenda, siku zote, hata zile ambazo yeye hakustahili. Dada Faustina, shahidi wako amekwisha kusema, pumzika kwa amani.