Siku Senene Walipotoroka Katikati ya Maombi

Watu wa Mungu wa Ijuganyondo, jina la Yesu litukuzwe hapa ndani. Nanyi wa benchi la nyuma mnaojifanya mnafunga kamba za viatu, litukuzwe na huko. Wengine wenu mmevaa ndala, nimewaona.

Naitwa Kokushubira, Koku kwa wengi wenu, niko kidato cha tatu. Wazee wa kanisa mnanijua kwa sauti, maana ndiye mimi niliyekuwa naiga kikohozi cha mchungaji mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanasimama wakidhani ibada imeanza. Mchungaji ameniambia nisome ushuhuda huu kwenye karatasi, kwa sababu nikiongea bila karatasi natia chumvi. Basi nimeandika. Chumvi iliyobaki ni kidogo tu.

Ndugu zangu, mimi sikutolewa kwenye ulevi wala kwenye uchawi. Nimesikia shuhuda za hapa, watu wametoka mbali jamani, kuna mmoja alitoka mpaka chini ya ziwa. Mimi Yesu alinitoa kwenye kicheko. Msicheke. Kicheko kinafunga mtu kama kamba. Mtu akilia karibu yangu, mimi nilikuwa natafuta cha kuchekesha upesi, ili asije akaniuliza na mimi naendeleaje. Mwalimu akinipiga, nachekesha. Mama alipofariki nilichekesha mpaka watu wa msibani wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa naogopa nikinyamaza nitasikia mwenyewe kilichomo ndani.

Pasaka ya mwaka juzi nilikuwa Muleba kwa baba, kukawa na kongamano la vijana. Nilikwenda kwa ajili ya pilau, nisiwadanganye. Mhubiri alikuwa kaka mmoja mkimya, hana mbwembwe, hapigi meza. Nilimchungulia nitafute cha kuiga nikakosa. Akasema tu kwamba Yesu anakupenda kabla hujamfurahisha mtu yeyote. Basi. Nikaanza kulia na pilau haijaiva. Nililia machozi ya Mama, yale niliyoyaahirisha. Nikampa Yesu maisha yangu siku ile, na nilijua kabisa ninachofanya.

Sasa sikilizeni kilichonipata niliporudi shuleni. Nilisimama darasani, kipindi cha uraia, mwalimu hayupo. Nikawaambia wenzangu nimeokoka, nikaanza kueleza, machozi yakanitoka tena. Darasa zima likapiga makofi. Wakapiga madawati. Mmoja akapaza sauti, "Koku, rudia pale pa kulia!" Walidhani namwiga mhubiri.

Mimi nikafanya nini? Nikainama, kama msanii jukwaani. Kuanzia hapo nikawa Mkristo wa chini ya blanketi. Naomba nikiwa nimejifunika, nikitoka nje narudi kwenye vichekesho. Nilijiambia labda kuna watu Mungu amewapangia wamwamini kimya kimya.

Hapa mjini naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba, Ma Edigna, yule mwenye meza sokoni. Alinichukua kwa sababu sekondari ya karibu na kwetu Muleba haina mwalimu wa fizikia, nami nataka fizikia. Siku aliyonipokea alinipa sharti moja. "Kula utakula, shule utakwenda. Habari za kanisani usiniletee nyumbani wala mezani kwangu. Siku utakayozileta, unarudi kwa baba yako." Nikasema, "Ndiyo, shangazi." Na kwa kuwa nilikuwa wa chini ya blanketi, sharti halikunisumbua.

Halafu ukaingia msimu wa senene. Wageni mliomo humu, hao ni panzi wetu wa kijani wanaokuja na mvua. Tunawala, na msituangalie hivyo, mkionja mtahamia. Lakini kabla ya kukaanga lazima wanyofolewe mabawa na miguu, na wanyofolewe wangali hai. Wanawake tunakaa kuzunguka beseni moja kubwa lililofunikwa kwa kipande cha chandarua. Kila mmoja anabana ukingo wa chandarua kwa mkono mmoja, mkono mwingine umepakwa majivu usiteleze, unaingia chini na kunyofoa. Ukianza huwezi kuondoka, maana ukiachia upande wako wanaruka. Kwa hiyo kinachosemwa kwenye beseni la senene, utakisikia utake usitake.

Ijumaa moja nilitoka shule moja kwa moja mpaka mezani kwa shangazi, bado nimevaa sare. Tulikuwa mimi, shangazi, Ma Verediana ambaye ni Mkatoliki wa kwaya na wa kila misa, na Asimwe. Asimwe tulisoma naye darasa moja mpaka alipopata ujauzito akaacha shule. Sasa ananyofoa senene wa shangazi msimu wote, mtoto mgongoni, na siku hiyo alikuwa pia amebana mdomo wa kiroba kwa goti, kiroba cha senene ambao tulikuwa bado hatujawamimina. Meza ya pili alikuwa mzee wetu Ta Projest, anauza vitunguu na maneno.

Nilikuwa nawachekesha, kama kawaida. Namwiga mwalimu wa zamu. Katikati ya kicheko Asimwe akasema taratibu, bila kuinua uso, "Koku, ile siku darasani ulipolia. Ulikuwa unaigiza, au ni kweli?"

Alikuwepo siku ile, ndugu zangu. Ilikuwa wiki yake ya mwisho shuleni. Darasa zima lilipiga makofi, yeye akaenda nyumbani na swali.

Mikono ya shangazi haisimami hata akipiga chafya. Ilisimama.

Ta Projest akadakia, "Huyo? Huyo hata akifa tutasubiri kwanza tuone kama anatania."

Kichekesho kilikuwa tayari mdomoni mwangu. Kizuri kabisa, nakikumbuka mpaka leo na siwaambii. Ningekitoa, wangecheka, shangazi angeendelea kunyofoa, na mimi ningeendelea na fizikia. Nikamwangalia Asimwe. Alikuwa hacheki. Alikuwa ananisubiri kama mtu aliyesimama kwenye mvua anavyosubiri afunguliwe mlango.

Nikasema, "Ni kweli."

"Kweli nini?"

"Yesu. Ni kweli ameniokoa, na nililia kweli. Nyie mkapiga makofi, nami nikaogopa kuwaambia mnyamaze."

Hapo hapo nikaona nimetoka chini ya blanketi, na baridi ni kali. Shangazi aliita jina langu zima, "Kokushubira," kwa ile sauti ambayo hairudiwi. Lakini Asimwe naye alikuwa ameshaanza kuuliza. "Na mtu kama mimi?"

"Kama wewe vipi?"

"Usijifanye hujui. Tangu nipate huyu mtoto sijaingia kanisani. Nikipita mlangoni naona wanavyohesabu miezi."

Ndugu zangu, mimi sikuwa na mahubiri. Nilimwambia nilichokuwa nacho. "Mimi alinichukua nikiwa nimefuata pilau. Wewe umekuja unauliza. Tayari uko mbele yangu."

Ma Verediana akatikisa kichwa. "Haya maneno nayasikia kila Jumapili, waitu jamani, ila leo ndiyo yananipata mikono ikiwa imefungwa."

"Niombee basi," akasema Asimwe.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Baadaye utanichekesha."

Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za dagaa, "Tuombe."

Sasa hilo ndilo kosa ambalo linaweza kutokea kwetu tu. Sisi tumelelewa makanisani, Walutheri na Wakatoliki, tangu tuko mgongoni. Mtu akisema "tuombe", macho yanajifumba kabla mwenyewe hajaamua. Asimwe akainua mikono, na goti likafuata, likaachia kiroba. Ma Verediana akafanya ishara ya msalaba, na mkono wa ishara ndio uliokuwa umebana chandarua. Mimi nikawa nimefumba macho kabisa, najisikia mtumishi. Nilipofika "Baba wa mbinguni" nikasikia upepo usoni. Nilidhani ni Roho Mtakatifu.

Walikuwa ni senene. Soko zima lilikuwa kijani. Walitua juu ya vilemba, juu ya mizani, juu ya mtoto wa Asimwe, ambaye alimla mmoja akiwa na mabawa yake. Wengine walikwenda moja kwa moja kutua kwenye vitunguu vya Ta Projest, kama vile wanajua mwisho wao. Watu walikimbizana nao kwa khanga, wakicheka. Mimi sikuacha kuomba. Sikuwa shujaa, nilijua tu kwamba nikikatisha hapo nitakuwa nimechekesha kwa mara nyingine, na Asimwe alikuwa bado amefumba macho. Nilimaliza mpaka amina.

Shangazi hakugomba. Wanaomjua wanajua hiyo ni mbaya zaidi. Tulifika nyumbani jua halijazama, akasema, "Funga begi. Kesho Muleba." Akampigia baba. Baba akamwambia nije, na nije na senene. Hakuwa amepewa habari kamili.

Nilifunga begi. Halafu nikaenda jikoni nikamwambia, "Shangazi, kesho nitapanda gari, sina ubishi. Samahani kwa senene. Kwa nilichosema, siombi samahani."

Akakaa kwenye kigoda, akanieleza kitu ambacho hajawahi kunieleza. "Mume wangu alipokufa walikuja hapa na biblia zao. Waliimba, wakala, wakaniambia hatutakuacha. Wakasema Bwana ametwaa. Walipoondoka sikuwaona tena. Na sufuria zangu mbili kubwa za msiba, nazo alitwaa Bwana?"

Sikutafuta kichekesho. Nilikaa naye tu mpaka chakula kikaiva. (Sufuria hizo zina alama ya msumari chini. Aliye nazo humu ndani azirudishe, hakuna atakayeuliza.)

Jumamosi asubuhi, kabla ya stendi, shangazi alipitia sokoni kumwachia Ma Verediana ufunguo wa sanduku. Nilikuwa nyuma yake na begi kichwani. Tukamkuta Asimwe amesimama mbele ya meza yetu.

"Shikamoo, Ma Edigna."

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyeuliza. Mimi ndiye niliyeachia kiroba. Kama kuna wa kuondoka kwenye beseni lako ni mimi. Koku alijibu tu."

Watu wa meza za karibu waliacha kupima. Asimwe alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza khanga. Huyu anayeogopa kupita mlango wa kanisa, alikuwa anasema jina la Yesu sokoni, mchana kweupe, mbele ya mtu aliyempa kazi. "Niliombewa kwa Yesu jana hapa, na sioni aibu. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Shangazi alimwangalia sana. Kisha akamuuliza, "Jana, baada ya hayo maombi yenu, ulipata nini?"

Asimwe akafikiri. "Nililala, Ma Edigna. Nililala mpaka asubuhi."

"Mimi silali," shangazi akasema. Alilisema polepole, kwa yeyote aliyekuwa karibu.

Halafu akanivua begi kichwani akalisukuma chini ya meza kwa mguu. "Koku, paka majivu. Na sikilizeni wote. Mtu akitaka kuombewa kwenye beseni langu, ataombewa macho wazi, na mkono usitoke kwenye chandarua."

Nashukuru. Namshukuru Yesu aliyenifungua mdomo, maana kuchekesha nilijua tangu zamani, kusema kweli ndiko alikonifundisha yeye. Msimu wote ule tuliomba hivyo hivyo, macho wazi, tunanyofoa. Wanunuzi wamesimama wakasikia. Bodaboda wamesimama wakauliza. Wengine wamenicheka na wataendelea. Shuleni nilirudi mbele ya darasa lile lile nikasema tena, wakapiga makofi tena, na safari hii nikawasubiri wamalize, nikaendelea. Mara hii ya pili walinyamaza. Shangazi hajaokoka. Ila juzi, tukimenya ndizi, aliniambia, "Niombee na mimi. Fupi." Nikaomba fupi, na hiyo kwangu ni muujiza.

Ndugu zangu, nawaalika mmwamini Yesu, na mkishamwamini msimfiche. Jirani yako wa dukani, wa shambani, wa dawati, huenda amebeba swali na anasubiri tu umalize kucheka. Akikuuliza, usisubiri mchungaji. Mwambie ni kweli.

Mwisho. Asimwe amekuja nami leo. Hajaingia, yuko pale nje ya mlango na mtoto mgongoni. Ameniambia nikimaliza kusoma ndipo ataamua. Mimi nimemaliza. Mlio karibu na mlango, sogeeni apate pa kukaa.