Wimbi Juu ya Mtende

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Mabrouka Ltifi hayupo tena. Tulimzika Jumamosi, hapa hapa Degache. Ni Mabrouka Ltifi, aliyewafundisha watoto wetu fizikia, somo la mawimbi.

Mnajua mavuno yetu. Wanaume hujipanga kwenye shina la mtende, mmoja juu ya mwenzake, na shada la tende hushuka mkono kwa mkono lisichubuke. Basi mwaka mmoja mwalimu aliuliza darasani: wimbi ni nini? Sihem, binti wa mkwezi Lazhar, akaandika kwamba ni kama shada la tende, linapita mikononi mpaka chini. Karibu darasa zima liliandika hivyo. Wote walikosa. Ila Sihem alikuwa akirudia darasa, na baba yake alishaapa: akianguka tena, shule basi.

Mwalimu akamfuata Lazhar shambani, Sihem akiwa naye.

"Baba Sihem, niazime watu wako kidogo."

"Mwalimu, nina tende, sina mchezo," Lazhar alijibu kutoka juu. "Huyo kichwa chake kokwa tupu. Abaki achambue tende na mama yake."

"Kidogo tu, baba. Usipitishe shada. Mbonyeze bega aliye chini yako, naye ambonyeze mwenzake."

Lazhar akabonyeza. Msukumo ukashuka mtu kwa mtu, mpaka wa chini kabisa akapiga kelele, "We Lazhar, wataka kuniua?"

"Sihem, kimeshuka nini?" mwalimu akauliza.

Sihem alitazama juu, akatazama chini. "Tende hazijashuka. Watu hawajashuka. Umeshuka msukumo tu."

"Basi hivyo ndivyo sauti inavyosafiri." Kisha mwalimu akaokota kamba ya kukwelea, akaitikisa. "Na katika wimbi hili, kamba inacheza juu na chini, lakini wimbi lenyewe linakwenda mbele."

Mzee Lazhar aliniambia jana, "Alinitoa jasho bila tende hata moja. Nikamwambia, haya, mchukue binti asome, lakini mwakani mje mnivunie nyinyi!"

Sihem alifaulu. Sihem sasa ni mwalimu. Leo asubuhi ndiye aliyeingia katika darasa la Mabrouka. Watoto walimuuliza kama atafundisha kama yeye.

"Nitajaribu," akasema. "Haya, tokeni nje, twendeni mitendeni."

Poleni sana Bi Zina, mama wa marehemu, na ukoo mzima wa Ltifi. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki tujiulize usiku wa leo, taratibu: ni mtoto gani nyumbani tumemwita mgumu, kumbe hajaonyeshwa tu?