Mama Kalamu na Mpaka wa Joto

Marehemu, aliyejulikana kwa wengi kama Mama Kalamu, mtoto wa fundi cherehani, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima, alikuwa mpimaji wa ngozi kwa miaka thelathini na sita, na kalamu haikutoka kwenye nywele zake.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa pili. Dada yake mkubwa ndiye aliyembeba mgongoni, na mpaka leo hajachoka kulisema. Dada huyo aliishia shule ya msingi, akakaa kwenye cherehani ya baba ili mdogo wake aendelee. Mdogo hakumwangusha: mwaka 1970 alihitimu chuo cha maabara.

Mwaka 1971 alianza kazi kliniki ya ngozi. Alikuwa akiweka tone la dawa kwenye baka la mgonjwa, anachoma kidogo kwa sindano, anasubiri. Neva nzima ikichokozwa, alieleza, humwaga vijumbe viitwavyo neuropeptidi. Vijumbe hivyo hubisha hodi kwenye vipokezi vya mishipa ya damu na vya seli za kinga, na ngozi pembeni hupata wekundu na joto. Neva iliyokufa haitumi mjumbe.

Vitabu vilisema, tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Mwaka 1979 alikuja mwashi mmoja mwenye baka, akachomwa. Daktari akatazama baka, hakuona wekundu.

"Mzima huyu. Wote wako hivi hivi, wekundu hauonekani."

Mama Kalamu akaweka mgongo wa kiganja chake. "Wote wanapata joto, daktari. Huyu wa baridi kama sakafu."

Ulikuwa ukoma, umeanza kula neva. Mwashi alitibiwa mapema, akajenga mpaka uzeeni, na ukuta wa jiko la Mama Kalamu aliujenga bila kuombwa. Tangu hapo kila mgonjwa alipapaswa, na mpaka wa joto ukachorwa kwa kalamu.

Tarehe 14 Desemba 1974 aliolewa na dereva wa kliniki, aliyetangulia mwaka 2011. Bwana huyo alilalamika kwamba amechorwa mkono mara nyingi kuliko barua alizoandikiwa.

Februari 2023 moyo ulianza kumsumbua. Kufa hakukumtisha, alihofia ujuzi wa kiganja chake kuzikwa naye. Binti yake, muuguzi wa kliniki ile ile, alimtania, "Mama, siku hizi kuna mashine."

"Na umeme ukikatika, bibie?"

Alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023. Ameacha dada, mtoto wa kiume, binti na wajukuu watano. Usingizi wake uwe mtulivu.

Siku tatu kabla, pale wodini, alimtaka binti amchome mkononi yeye mwenyewe. Binti akafumba macho, akapapasa, akachora. Mama akapitisha kiganja chake juu ya mstari, taratibu, dada yake mkubwa akitazama kando ya kitanda.

"Huku chini umezidisha kidogo. Lakini umeupata."

Akachomoa kalamu kwenye nywele.

"Kesho una wagonjwa wangapi?"

"Tisa, mama."

"Haya, shika hii. Anza na wenye mabaka."