Kinu Kimerudi

Juu ya lori la kwenda Kashebere, mashariki mwa Kongo, muuguzi Mtanzania aitwaye Aikande aliwasifu majirani zake wa huko kwa Mama Verdiane, muuza vitunguu. "Jana, nilipokuwa natoka kwenda mjini, walinirudishia kinu, ungo, hata sufuria niliyokuwa nimeisahau. Waungwana kweli!"

Verdiane akaacha kutafuna. "Bote? Siku moja?"

"Wote. Wakanishika mkono, hawataki kuuachia."

Mimi, abiria niliyeketi kando yao nikiwa nimevua viatu, nikavivaa.

"Dada," Verdiane alisema polepole, "huku kwetu muntu hawezi kimbia vita na kitu ya mwenzake."

Aikande akacheka peke yake. "Sasa mbona hawakuniambia?"

"Walikuambia."

Lori likasimama. Kashebere ilikuwa mbele yetu, na hakuna jiko hata moja lililokuwa likitoa moshi.