Vyuma Vilivyolowa

Mvua ilikuwa ikipiga vioo vya basi pale mwanamume wa kiti cha mbele yangu alipoanza kuzungumza na mama aliyeketi naye. Alivaa ovaroli la kiwanda cha kuyeyusha chuma, na kovu la moto lilimpanda shingoni hadi sikioni.

"Kikombe kimoja tu cha maji, dada yangu. Yakifunikwa na chuma kilichoyeyuka, yanageuka mvuke papo hapo, na tanuri linalipuka. Mwenzetu tulimzika bila kufunua jeneza."

Mimi nilijidai kusoma tangazo la sabuni.

"Leo kuna nini?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vyuma chakavu vimelala nje, vimelowa chepechepe. Nikasema tuvikaushe kwanza kabla ya kuvitia tanurini. Msimamizi akaniambia mwoga arudi kwao. Nimeondoka."

"Ukawaacha wenzako?"

"Niliwaonya, wakabaki. Wana watoto wa kulisha."

"Kuonya mara moja si kuonya, kaka. Rudi! Mume wangu yumo humo."

"Mumeo nani?"

"Yule mrefu, wanamwita Twiga."

Mwanamume alifumba macho. "Ndiye anayelisha tanuri leo."

"Mpigie!"

"Simu tunaziacha getini."

Mama alipiga kelele basi lisimame. Liliposimama, aliruka chini akaanza kukimbia kwenye matope, kurudi tulikotoka. Mwanamume alimfuata hadi mlangoni, akaweka mguu mmoja kwenye ngazi, mkono umeng'ang'ania bomba la mlangoni.

"Mzee, unashuka au hushuki?" kondakta alimuuliza.