Muhogo Kwenye Debe la Faraj

Pale kichochoro kinapopinda nyuma ya msikiti, Mji wa Kale, pana baraza ya chokaa iliyokaliwa hata ikaingia mabonde matatu, na kila bonde lina mwenyewe. La kwanza ni la Chonga, waitaye Winchi, maana ndiyo mashine aliyoiendesha bandarini miaka kumi na tisa, na kelele yake ikamhamia kooni. La kati ni la Abdulhussein, mwenye duka Bondeni, jina la kijiweni Ratili, kwa kuwa hata habari ya msiba huipima kwanza. La mwisho ni la Zein, aitwaye Wakili, mwandikia watu barua na malalamiko. Kortini aliingia mara moja tu, kama shahidi, akaambiwa anyamaze. Faraj hakuwa na bonde. Faraj ndiye muuza kahawa, na muuza kahawa husimama. Ijumaa hiyo ya mwezi wa tatu, mwaka wa arobaini na nane, baada ya sala, hakuna aliyelitazama dele lake la kahawa. Wote walikuwa wakilitazama debe.

Debe lenyewe lilikuwa la mafuta ya taa, limejazwa udongo, na ndani vimechomekwa vijiti vitatu vya muhogo, kila kimoja urefu wa shubiri. Mamake Faraj alikuwa amefariki mwaka uliopita, akamwachia shamba dogo Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Jirani aliyeliangalia, Mzee Thoya, sasa alikuwa akirudi kwao Rabai, naye alituma neno: mwenye shamba aje kabla ya masika, la sivyo msitu utalila. Faraj alipowaambia wenzake kwamba huenda akaacha kahawa akalime, Winchi alicheka hata akamwaga kikombe. Ndipo likakatwa shauri. Apande vijiti vitatu hapo hapo pembeni mwa baraza. Vikichipua kabla ya alasiri ya Ijumaa ya tatu, aende. Visipochipua, abaki na dele lake. Na Ijumaa ya tatu ndiyo hiyo, na vijiti vilikuwa vikavu kama miswaki iliyosahauliwa dirishani.

— Nshasema mimi, alinguruma Winchi. Ardhi ina pua. Imenusa mikono ya Faraj, imesikia tangawizi, ikasema: huyu si mkulima, huyu yuwaja kunichemsha.

— Neno hilo halina uzito, bhai, alisema Ratili. Muhogo ni mti wa njaa. Mwaka huu watu wala wali. Sasa utoke, umtokee nani?

— Mwakosea nyote wawili, alisema Wakili, na kidole kikapanda juu. Vijiti hivi vimetoka Kisauni, vikavuka daraja, hapa kisiwani ni wageni. Na wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sheria iko wazi. Mgeni hawezi kufanya kazi yake mpaka mwenyeji augue kwanza. Nani hapa mgonjwa?

— Mimi goti laniuma, alisema Ratili.

— Goti si ugonjwa, goti ni umri.

— Basi mimi n'tawapa jawabu, alisema Winchi, akasimama kabisa. Vimegoma! Mimi mgomo nikiuona siukosei. Mwaka jana bandarini sote tuliketi hivi hivi, kimya, wakavu, hatusongi. Faraj, viulize vijiti vyako vyataka nini.

Walicheka, na Faraj akacheka nao huku akimimina. Lakini kifuani alikuwa na jambo lisilomiminika. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiwapa hawa watatu kahawa, na kwa majuma haya matatu walikuwa wameinenea ardhi kila baya: nyoka, nguruwe, mbu, upweke, matope. Neno moja tu walikuwa hawajalisema, nalo ndilo alilokuwa akilingoja kila asubuhi akipanga vikombe. Kwamba asiende. Angelisikia neno hilo kutoka kwa yeyote kati yao, angelirudisha jembe alikolinunua.

— Na ukishachoka na dele, kazi zipo, alisema Ratili. Kaa dukani kwangu. Upime sukari, upime mchele, umekaa juu ya kiti.

— Duka ni kaburi lenye mlango, alisema Winchi. Kuna ghala Shimanzi, wataka mlinzi. Nimekunenea. Walala, walipwa!

— Mimi ningemfunza kuandika, alisema Wakili. Kalamu haina matope. Kisha, Faraj, kusema kweli, kutembeza kitu mjini hakukupi hadhi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ratili alikitua kikombe chake.

— Wakili, alisema Ratili, kahawa unayoinywa imetembezwa.

— Sikukusudia kahawa.

— Ulikusudia nini?

— Nilikusudia methali.

Faraj aliweka dele chini. Hakuwa mtu wa kunena sana. Midomo yake, alisema mwenyewe, ilikuwa ya kupulizia makaa. Lakini siku hiyo alinena.

— Mwaka wa arobaini na tatu, ule wa njaa, mwaukumbuka? Wewe Winchi, ile winchi yako ilikupa nini?

Winchi alikaa.

— Kelele, alisema. Tulipakua magunia kutwa, yakaenda yalikokwenda. Nyumbani nilirudi na vumbi la unga kwenye nyusi, na mke wangu akanitazama kama mtu aliyekuja kumdhihaki.

— Wewe Ratili?

— Nilifungua duka kila asubuhi, alisema Ratili taratibu. Nikaipangusa mizani. Nikafunga. Mke wangu Marziya akaniuliza, waenda kufanya nini? Nikamwambia, naenda kufungua.

— Na mimi usiniulize, alisema Wakili. Niliandika barua za kuomba unga kwa mtaa mzima. Barua nzuri, wallahi, maombi yaliyoweza kuliza jiwe. Haikujibiwa hata moja.

— Na mimi sikuwa na kahawa, alisema Faraj. Nilikaanga kokwa za tende, nikazisaga, nikawaletea hapa. Mkainywa.

— Ilikuwa mbaya hiyo! alisema Winchi kwa mapenzi makubwa. Yakhe, ilikuwa kama kunywa mlango!

— Lakini mlirudi kesho yake. Na kila Ijumaa mama alileta kapu kutoka Kisauni, mguu mmoja umevimba, muhogo kichwani. Tukala sote kwenye sinia moja, juu ya baraza hii. Duka halikutulisha, wala bandari, wala kalamu, wala dele langu. Ni vijiti kama hivi. Nami huo muhogo nilikula tu, jamani. Sikuwahi kwenda kumshikia mama jembe hata siku moja. Ndilo linaloniuma. Mwasema nataka kulima. Nataka kulipia pale nilipochelewa.

Ratili alikitazama kikombe chake, Wakili akakohoa, akatafuta methali, akaikosa, akakohoa tena. Winchi alisema kwamba jua lilikuwa kali, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ndipo akatokea msichana kutoka upande wa barabara kuu, kikapu mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi la ng'ambo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, walijibu pamoja.

— Mimi ni Eddah, binti wa Mzee Thoya. Namtafuta Bwana Faraj. Baba asema nisirudi bila jawabu.

— Jawabu ni hilo hapo debeni, alisema Wakili, akafurahi kupata kazi. Akamweleza shauri lote, Ijumaa tatu, vijiti vitatu, alasiri, na kwamba kwa bahati mbaya mno, tena mno, ardhi imekataa.

Eddah alisikiliza kwa adabu. Kisha alichuchumaa kando ya debe, akainamisha kichwa huku na huku, akauliza:

— Mbona mmevipanda kichwa chini?

Wote wakaliinamia debe.

— Kichwa kipi? alisema Winchi. Vijiti vina kichwa?

— Kila kijiti kina macho, babu. Hivi vijidonge hapa ubavuni, juu ya kovu la jani. Yafaa yaangalie mbinguni. Haya yote yatazama kuzimu.

Faraj alipiga goti. Macho yake hayakuwa na nguvu tena ya vitu vidogo, na kwa majuma matatu alikuwa akizitazama ncha tu, akingoja jani. Sasa alipapasa ubavu wa kijiti kwa kidole. Alikumbuka vizuri. Mamake alimwonyesha zamani, yeye mtoto wa miaka saba: mato juu, mwanangu, kama ya mtu aombaye dua. Na hivyo ndivyo alivyovichomeka.

— Mimi nilivipanda mato juu, alisema.

— Basi nani aliyevipindua? aliuliza Eddah.

Winchi alivutiwa ghafla na ukucha wa mguu wake. Ratili alipangusa goti lililokuwa safi. Wakili alitazama juu, ambako hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo.

Eddah hakungoja. Alikichomoa kijiti kimoja, polepole, akakipindua wakione. Chini, palipofukiwa, jicho moja lilikuwa limepasuka. Kilikuwa kichipukizi cheupe, chembamba kuliko punje ya mchele. Kilianza kwa kushuka, kisha kikajikunja, kikaanza kupanda.

— Kimeota, alisema. Kilipotezwa njia, nacho chageuka.

— Nipe, mwanangu, alisema Winchi.

Alikipokea kwa mikono ile iliyozoea chuma, akakigeuza mato juu bila kufunzwa, akakichomeka. Mara ya kwanza tu, sawasawa kabisa.

— Kumbe wajua, alisema Faraj.

— Nlipindua hiki kimoja, alisema Winchi. Ilikuwa mara ya kwanza kijiweni kusikia sauti yake ikiwa ndogo. Kimoja tu, yakhe. Ulipokuwa ukitembeza kahawa sokoni. Nliona kimoja kikikataa, utaingia shaka.

Ratili alivuta pumzi.

— Cha kati ni changu, alisema. Nilikifuta udongo kwa leso, usijue.

Wote wakamgeukia Wakili.

— Sheria haimlazimishi mtu kujishitaki, alisema Wakili. Kisha akainama, akakichomoa cha tatu, akakipindua.

Faraj alicheka mpaka akashika ukuta, na kucheka kwenyewe kulipokwisha, macho yakabaki na maji.

— Wazee wazima! Miaka ishirini na mbili. Si mngesema tu, Faraj, usiende?

— Ungelibaki? aliuliza Winchi.

— Ningelibaki.

Wakalipima neno hilo wote wanne. Adhana ya alasiri haikuwa mbali. Mtu alikuwa keshaanza kuteka maji ya udhu nyuma ya ukuta. Faraj aliinua dele ammiminie Eddah, likatoa matone mawili na machicha. Akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

— Wakili, alisema, toa hukumu. Vimechipua au havikuchipua?

Wakili alifungua kinywa, na kila mtu akaona alivyotaka kusema vingine.

— Vimechipua, alisema. Kabla ya alasiri. Sharti ni sharti.

— Mwanangu Eddah, mwambie babako nakuja Jumatatu. Aningoje anionyeshe mipaka.

— Nitamwambia, alisema Eddah, akaondoka na kikapu chake.

Ratili alivikusanya vikombe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani, akavipanga vibaya. Wakili alishika upande mmoja wa dele. Winchi hakuondoka pale debeni. Aliendelea kuushindilia udongo kwa kidole gumba, taratibu, kukizunguka kijiti chake, ingawa kilikuwa kimeshasimama imara kitambo.